Betri ya waya mmoja, mbili au tatu: ipi inamfaa mzee mwenye moyo uliotanuka?

*Swali: Baba yangu ana miaka 62, ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Tangu mwaka jana anachoka haraka, miguu inavimba, na usiku analalia mito mitatu. Hospitali ya rufaa Mtwara walimpima ECG na eko, wakaandika EF 27%, QRS 160, LBBB, mapigo 74 kwa dakika. Anatumia karvediloli 6.25 asubuhi na jioni, enalaprili 5 asubuhi na jioni, na furosemidi 40 mara moja, huu ni mwezi wa pili. Mgongo ukimuuma akitoka shambani anameza diklofenaki. Hajawahi kuzimia. Daktari ametuambia huenda akahitaji betri ya moyo ya nyaya tatu, Dar es Salaam. Mjomba anasema tuombe ya waya mmoja, bei yake ni ndogo na kazi ya kusukuma damu ni ileile. Binamu amesoma kwamba siku hizi waya unachomekwa kwenye tawi la kushoto na ile ya nyaya tatu imepitwa na wakati. Bibi naye anasema mwenye betri hakati roho. Tushike lipi? Na akiwekewa, ataweza tena kupulizia mikorosho?*

Pole na kuuguza, ndugu yangu, na ahsante kwa kunakili namba zilizo kwenye karatasi za mzee, maana bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. ECG ni mchoro wa umeme wa moyo, na QRS ni muda, kwa milisekunde, ambao umeme huo unachukua kuenea vyumba vya chini; eko ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na EF ni asilimia ya damu ya chumba cha chini cha kushoto inayotoka kwa kila pigo. Niseme kwanza ninavyoona, halafu nieleze sababu. Betri ya waya mmoja haimfai baba yako hata akipewa bure. Ya nyaya tatu inamfaa kwa vipimo alivyo navyo, na njia ya tawi la kushoto inaweza kumfaa vilevile. Ila leo hajafika kwenye hatua ya kuwekewa chochote, kwa sababu dawa zake ziko chini ya kiwango na kuna moja anayomeza inayobomoa kazi ya nyingine.

Tuanze na hilo la kusukuma damu, kwa sababu ndilo lililozaa wazo la mjomba. Betri ya moyo haisukumi damu. Ni kasha dogo la titani linalowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, lenye waya unaopita ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo. Inachotoa ni cheche ndogo ya umeme, mara nyingi ya volti mbili au tatu, kwa muda usiofika milisekunde moja. Anayejikunja na kusukuma ni msuli wa moyo wenyewe. Mtu ambaye moyo wake unapiga mara 35 kwa dakika na anaangukaanguka, cheche hiyo humsimamisha siku hiyohiyo. Baba yako mapigo yake ni 74. Hajapungukiwa na mapigo, amepungukiwa na mpangilio.

Umeme wa moyo huanzia juu, kwenye chumba cha kulia. Hushuka hadi kwenye kituo kilicho katikati, husubiri kidogo ili vyumba vya juu vimimine damu yake chini, kisha huingia kwenye kifungu cha nyuzi za umeme kiitwacho His na kugawanyika katika matawi mawili, la kulia na la kushoto. Matawi hayo yana kasi kubwa, kiasi kwamba vyumba vyote viwili vya chini huamka karibu kwa pamoja, ndani ya muda usiofika milisekunde 120. Tawi la kushoto likiziba, na hiyo ndiyo maana ya LBBB kwenye karatasi yenu, umeme hushuka kwa tawi la kulia peke yake, halafu hujipenyeza kwenda kushoto kupitia nyama ya moyo, seli hadi seli, kwa mwendo wa taratibu. Ukuta wa katikati hujikunja mapema. Ukuta wa nje wa chumba cha kushoto hujikunja wakati ule wa katikati umekwisha kulegea. Ni kama watu wanaopandisha mashua ufukweni pale Mikindani, nusu wanavuta huku nusu wamepumzika: jasho linatoka na mashua haipandi. Damu hubaki chumbani, valvu ya kushoto huanza kuvuja, chumba huzidi kutanuka, na mzee huongeza mto wa tatu.

Jambo hili mnaweza kuliona wenyewe. Chukua karatasi ya ECG, uangalie pembeni kama imeandikwa 25 mm/s, ambayo ndiyo kasi ya kawaida. Kwa kasi hiyo, kijisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40. Tafuta mstari ulioandikwa V6, uangalie lile wimbi kubwa, toka linapoinuka hadi linaporudi chini. Kwa baba yako litakuwa na upana wa vijisanduku vinne hivi, kilele chake kipana, huenda kimegawanyika juu. Kwenye V1 wimbi hilohilo litakuwa linazama. Upana huo pamoja na umbo hilo ndivyo vinavyoamua nani atafaidika na kifaa cha kuoanisha mapigo, yaani ile betri ya nyaya tatu, kuliko hata ukubwa wa moyo kwenye eko. Mgonjwa mwenye LBBB, QRS ya 150 au zaidi, EF isiyozidi 35%, na ambaye bado anachoka ingawa anameza dawa za kutosha, huyo ndiye mwenye ushahidi mzito kabisa. QRS ikiwa kati ya 130 na 149, faida ipo lakini inapungua. Chini ya 130 kifaa hicho hakiwekwi kwa lengo la kuoanisha mapigo. Utafiti uitwao EchoCRT, uliotoka mwaka 2013, ulisimamishwa kabla ya wakati, na kati ya wagonjwa wenye QRS nyembamba waliowashiwa kifaa walikufa wengi kuliko wale ambao kifaa chao kiliachwa kimezimwa. Kwa hiyo mkikutana na mtu anayeuza wazo kwamba kila moyo uliotanuka unahitaji nyaya tatu, muulizeni QRS ni ngapi.

Sasa ya mjomba. Waya mmoja huchomekwa kwenye chumba cha chini cha kulia, aghalabu kwenye ncha yake. Umeme ukianzia hapo, haupiti kwenye matawi. Unatoka kulia na kujipenyeza kwenda kushoto kupitia nyama, taratibu, yaani ugonjwa uleule alio nao baba yako, safari hii umetengenezwa na kifaa. Mwaka 2002 utafiti wa DAVID ulichukua watu 506 wenye mioyo dhaifu ambao hawakuhitaji kupigishwa mapigo. Kundi moja kifaa kilipangwa kikae kimya hadi mapigo yashuke chini ya 40, kundi jingine kilipangwa kipigishe 70 kupitia vyumba viwili. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai bila kulazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa takriban 84% kwenye kundi la kimya na 73% kwenye kundi lililopigishwa. Tangu hapo imejulikana kwamba mtu anayepigishwa chumba cha kulia kwa zaidi ya asilimia 20 hivi ya mapigo yake, moyo wake unaweza kudhoofika kwa sababu hiyo peke yake. Betri ya waya mmoja kwa mzee mwenye mapigo 74 basi ina njia mbili tu: ikae bila kazi huku mmebeba hatari ya usaha na ya waya kung'oka, au ifanye kazi na imdhuru.

Ya nyaya mbili, mmoja juu na mmoja chini kulia, inatunza mfuatano wa vyumba vya juu na vya chini, na kwa mwenye mapigo ya polepole na moyo wenye nguvu ni kifaa kizuri sana. Kwa LBBB haitibu kitu, maana waya wa chini uko upande uleule wa kulia.

Hesabu hubadilika mgonjwa akiwa na kizuizi kamili kwenye kituo cha umeme cha katikati, kile kinachoshusha mapigo hadi 30 au 40. Huyo anahitaji betri haraka. Hata hivyo kama EF yake ni 50% au chini na atapigishwa muda mwingi, utafiti wa BLOCK HF wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kupigisha pande zote mbili ni bora kuliko kulia peke yake.

Ya nyaya tatu ndiyo daktari wenu aliyoitaja. Waya wa kwanza unakaa chumba cha juu kulia, wa pili chumba cha chini kulia. Wa tatu ndio wenye kazi: unapitishwa ndani ya mshipa unaokusanya damu ya moyo wenyewe, ulio nyuma ya moyo, hadi kwenye kijitawi kilicho juu ya ukuta wa nje wa kushoto. Kisha kifaa kinaamsha pande zote mbili karibu kwa wakati mmoja. Kati ya vifaa vyote hiki ndicho chenye ushahidi mrefu zaidi. Utafiti wa CARE-HF wa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa 813 kwa zaidi ya miaka miwili. Waliobaki na dawa peke yake walikufa 30 katika kila 100, walioongezewa kifaa walikufa 20.

Udhaifu wake nao niutaje wazi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu haoni nafuu ya maana. Kwa wengine ule mshipa wa nyuma hauna kijitawi mahali panapotakiwa, au waya unaingia kisha unateleza. Neva inayoendesha kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, inapita jirani, hivyo mgonjwa anaweza kupata kitu kama kwikwi isiyokoma inayofuata mapigo. Mara nyingi fundi wa kifaa huimaliza kwa kubadilisha mpangilio bila kupasua. Kama ukuta wa nje una kovu la shambulio la moyo la zamani, umeme unaotoka hapo hausafiri vizuri. Na kifaa lazima kiongoze karibu mapigo yote, lengo ni zaidi ya asilimia 98. Mapigo yasiyo na mpangilio ya vyumba vya juu yanaweza kukipora kifaa nafasi yake bila mtu kujua, mpaka kipimwe. Betri nayo huisha mapema kuliko ya kawaida kwa sababu inalisha nyaya nyingi, kwa hiyo bei ya kasha la pili lazima iwemo kwenye hesabu ya familia tangu siku ya kwanza.

Binamu hajakosea kuhusu njia mpya, ila amekwenda mbio. Badala ya kuizunguka njia ya umeme iliyoziba, waya unachomekwa ndani ya njia yenyewe, mbele ya palipoziba. Walianza na kifungu cha His mwaka 2000. Kinafanya kazi kwa uzuri wa ajabu pale kinapokubali, lakini kifungu kile ni kidogo, kukipata ni kazi, na mara nyingi kinataka umeme mwingi, betri ikaisha upesi. Mwaka 2017 madaktari wa China walichapisha njia ya pili: waya mwembamba wa takriban milimita 1.4 unaingizwa chumba cha kulia, unazungushwa kama skrubu kuvuka ukuta wa katikati, ambao kwa kawaida una unene wa sentimita moja hivi, hadi kwenye tawi la kushoto upande wa pili. Tawi likishikwa, kwa kawaida umeme usiofika volti moja unatosha, na QRS inasinyaa pale pale mezani mbele ya macho ya daktari.

Yanayoharibika hapo ni mengine. Waya unaweza kutoboa na kutokea chumba cha kushoto, ukalazimika kurudishwa na kuchomekwa pengine. Ukuta wenye kovu unagoma kupenyeka. Na wakati mwingine waya unaishia katikati ya ukuta, umeme ukaikamata nyama badala ya tawi, na faida ikapungua. Ndiyo maana ECG ya baada ya kazi ni lazima ipigwe na muione. Katika rejista ya hospitali 14 za Ulaya iliyochapishwa mwaka 2022, kazi ilifanikiwa kwa 92% ya wenye mapigo ya polepole, lakini 82% kwa wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, kwa sababu moyo uliotanuka umepinda na ukuta wake ni mgumu. Utafiti wa mwaka huohuo uliogawa wagonjwa kwa kura, wa watu 40 tu wenye LBBB, ulionyesha EF kupanda zaidi kwa njia hii kuliko kwa nyaya tatu baada ya miezi 6. Watu 40 ni wachache. Rejista kubwa zimetoa picha hiyohiyo nzuri, ila wagonjwa wake hawakugawanywa kwa kura.

Mimi ningekuwa mbele ya baba yako ningesema hivi: nyaya tatu ndiyo njia iliyothibitishwa kuokoa maisha, tawi la kushoto ni mbadala wa kuheshimiwa, hasa kama mshipa wa nyuma umekataa, na pengine wenye unafuu kwa kuwa unaweza kutumia kasha la nyaya mbili. Mkono wa anayefanya una uzito kuliko vyote viwili. Mkifika, muulizeni daktari anafanya ipi mara nyingi, na ikishindikana mezani atahamia ipi. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Muulizeni pia kama mzee anahitaji kifaa chenye uwezo wa kushtua moyo uliovurugika ghafla. Bei yake iko juu na faida yake inategemea kama chanzo ni mishipa ya moyo iliyoziba, kwa hiyo chanzo kitafutwe kwanza.

Haya, turudi kwenye dawa, na hapa naomba msinipite haraka. Kifaa hupangwa baada ya angalau miezi mitatu ya dawa kwa kiwango kamili, halafu eko inarudiwa, kwa sababu wapo ambao EF yao hupanda juu ya 35% kwa dawa tu. Karvediloli 6.25 ni robo ya kiwango. Lengo ni 25 mara mbili kwa siku, ikiongezwa maradufu kila wiki mbili kama mapigo na presha vinaruhusu. Enalaprili lengo ni 10 hadi 20 mara mbili. Sijaona spironolaktoni 25 wala dapagliflozini 10 kwenye orodha yake, na zote mbili zimethibitika kupunguza vifo kwa moyo wa aina hii. Furosemidi inatoa maji na kumpa pumzi, haimwongezei umri. Msiziongeze wenyewe nyumbani. Daktari ataanza na kipimo cha figo na potasiamu, na kukirudia wiki moja au mbili baada ya kila badiliko, maana enalaprili na spironolaktoni zikikutana potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha maisha.

Diklofenaki iachwe leo. Inashikilia maji na chumvi mwilini, inaumiza figo, na inazima kazi ya enalaprili na furosemidi. Ibuprofeni ni hivyohivyo. Mgongo ukiuma atumie parasetamoli. Na kitoweo cha papa wa chumvi na ng'onda, najua ladha yake kwa wali, lakini kwa mzee huyu kinarudisha uvimbe ndani ya siku mbili. Samaki wabichi wapo.

Bibi msimdharau, hofu yake wanayo wengi. Betri inatoa cheche, lakini msuli uliokufa haujibu cheche. Siku ya mtu ikifika moyo hautikisiki hata kifaa kikiendelea kutoa umeme wake, na anazikwa kama watu wengine.

Kuhusu mikorosho: baada ya kuwekewa, mkono wa upande wa kifaa usipande juu ya bega na usibebe kitu kizito kwa wiki nne hadi sita, ili nyaya zishike. Hata hivyo kiwiko na bega avichezeshe kidogokidogo, vinginevyo bega litakakamaa. Kidonda kikae kikavu mpaka kipone. Mashine ya kupulizia salfa inayobebwa mgongoni ningemkataza moja kwa moja. Mkanda wake unakandamiza palepale kasha lilipo, mtikisiko wake unasugua nyaya chini ya mtulinga, na plagi ya injini inatoa umeme ambao unatakiwa kuwa angalau sentimita 30 kutoka kwenye kifaa. Juu ya hayo, mashine yenyewe ni mzigo mzito kwa moyo wa 27%. Apate kijana wa kupulizia, yeye asimamie kutoka upande upepo unakotoka. Kuokota korosho anaweza akishapata nguvu. Simu aweke mfuko wa upande mwingine, na jenereta asiinamie inapounguruma. Kuchomelea vyuma aulize kwanza. Akienda kupimwa kwa mashine ya sumaku au kufanyiwa upasuaji wowote, aonyeshe kadi ya kifaa kabla hajalala mezani.

Mpango wenu uwe hivi. Rudini Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo mkiwa na majibu yote na boksi za dawa, diklofenaki ikiwemo, mumweleze daktari ukweli. Ombeni ratiba ya kupandisha dawa na tarehe ya eko ya marudio. EF ikibaki 35% au chini, ombeni barua ya rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kabla ya kupanda basi, ulizeni kwa maandishi kama bima ya mzee inagusa kifaa chenyewe, kazi ya kukiweka na kasha la baadaye. Akishawekewa kuna kipimo cha kwanza ndani ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita hadi kumi na miwili. Safari ipangeni isiingie kwenye masika, mnaijua wenyewe barabara ya Somanga mvua zikizidi.

Msisubiri tarehe yoyote kama mzee amezimia, ameumwa kifua, hawezi kulala chali hata kidogo, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku tatu. Pelekeni kituo cha karibu siku hiyohiyo, hata usiku. Akiwa tayari ana kifaa, ongezeni haya: kidonda chekundu, cha moto au kinachotoa maji, homa isiyoeleweka, kwikwi zinazofuata mapigo, au mapigo mkiyahesabu dakika nzima yako chini ya namba iliyoandikwa kwenye kadi. Uvimbe ukitokea juu ya kasha, asikubali mtu yeyote autoboe kwa sindano zahanati. Vijidudu vikiingia kwenye kasha, kwa kawaida kifaa chote na nyaya zake hulazimika kutolewa.